Iambie Unachokiona

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa mezani, na Dada ametangaza harusi yake wakati huohuo. Sijui kipi kilitushtua zaidi. Mama alikuwa ameshainuka kukimbilia maturubai yaliyoanikwa uani. Dada akasema, "Mama, kaa kwanza." Mama akasema, "Maturubai yangu!" Dada akasema, "Mama, naolewa." Mama akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine kwenye mvua, hajui akimbilie lipi. Mwishowe alikimbilia maturubai, lakini aliyakunja huku anapiga vigelegele, peke yake, nguo zimemganda mwilini, na majirani wakafungua madirisha kuuliza kuna nini.

Harusi ni mvua zikiisha. Katikati ya Mei, Mungu akipenda.

Nimeamua kuandika msimu huu wote, na naandika kwa lugha ya nyumbani. Shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine, na kwa lugha hiyo mimi ni hodari wa kuandika na bubu wa kusema. Nyumbani nako ni vilevile. Yaani mimi naweza kunyamaza kwa lugha mbili. Ila kuna mambo ambayo kwa lugha ya darasani yanatoka yamevaa sare na soksi zimevutwa hadi magotini, na ya nyumbani kwetu hayakai hivyo.

Kwetu tunakodisha viti na maturubai kwa ajili ya shughuli. Stoo ndiyo chumba kikubwa kuliko vyote. Baba ndiye aliyeianza kazi hii, na Baba alifariki mwaka jana, mvua kama hizi zikielekea kuisha. Moyo. Asubuhi alipeleka viti kwenye harusi ya watu, mchana akasema kifua kinambana, jioni hatukuwa naye tena. Viti vilikuwa bado hukohuko harusini. Tulipovihitaji sisi vililetwa moja kwa moja, na tepe za zambarau bado zimefungwa migongoni. Baba Mdogo akaanza kuzifungua, Mama akamwambia, "Ziache." Kwa hiyo watu walimlilia baba yangu wakiwa wamekaa kwenye viti vya harusi. Angekuwepo angecheka mpaka ashike ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumeosha viti. Baba aliweka sharti: hakitoki kiti hapa ambacho mmoja wetu hajakikalia. Kwa hiyo vikishaoshwa tunavipanga uani, tunaanza kukaa. Unakaa, unajitingisha kidogo kulia na kushoto, unahamia kinachofuata. Tukiwa watatu, Mama, Dada na mimi, tunafuatana kama watu wanaosogea kwenye foleni ya daktari, tofauti tu ni kwamba sisi tunacheka. Kikilia, kinatolewa pembeni. Mtu asiyetujua akipita anaweza kudhani tumechanganyikiwa.

Na ndivyo alivyotukuta mchumba wa Dada. Ana kibanda cha kutengeneza saa karibu na posta, sote tunamwita Fundi Saa. Aliambiwa aje saa kumi. Saa tisa unusu alikuwa ameshasimama getini na mwavuli.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Mbona mapema?"

"Nimechelewa kidogo, nilitaka kuja saa tisa."

Mama akamtazama mkono. "Fundi saa mzima, mkono mtupu?"

"Mama, nikivaa moja zile nyingine zitaona wivu."

Mama akampa safu nzima ya viti akae. Alikaa kwenye kila kimoja kwa uangalifu, anasikiliza, kama anavyosikiliza saa. Alitoa viwili ambavyo sisi tulikuwa tumevipitisha. Nadhani hapo ndipo Mama alipomkubali hasa, ingawa barua ya posa ilishakubaliwa katikati ya wiki.

Baba Mdogo aliambiwa saa kumi vilevile. Alifika saa kumi na mbili na kusema, "Sijachelewa sana, eti?"

Alhamisi, 20 Machi

Dada anafundisha watoto wadogo wa chekechea, na tabia ya kazini anairudisha nyumbani. "Nani amemaliza chai yake vizuuuri?" Ukimaliza anapiga makofi. Leo alipiga makofi kabla sijamaliza, nikajua kuna jambo.

"Mdogo wangu, siku ya harusi mtu wa familia anatakiwa kusema maneno machache. Mahali pa Baba."

"Baba Mdogo yupo," nikasema.

"Baba Mdogo akishika maiki nitaolewa mwakani."

"Mama?"

"Mama atalia. Na akilia yeye, nalia mimi, na uso wangu siku hiyo una gharama. Nakutaka wewe."

Nikasema sawa. Watu wenye haya hatujui kukataa; kukataa kunahitaji sauti. Sasa nimekaa kitandani nimejifunika shuka hadi puani, kana kwamba harusi ni kesho.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeingia kwenye viatu vyangu vya shule. Dada anasema viatu vinaimba.

Jumapili, 30 Machi

Tumegombana. Sijui kama "tumegombana" ndilo neno, maana mimi sikusema kitu.

Dada alianza vizuri tu. "Mama, nataka spika za Baba harusini."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Tutakodi kwa watu."

"Tukodi? Sisi?"

"Sisi."

"Mama, watu watasema nini? Nyumba ya kukodisha inakwenda kukodi!"

"Watasema wanavyotaka. Spika haziondoki stoo." Akaondoka na sinia lake.

Lazima nieleze. Zamani tulikuwa tunakodisha na vipaza sauti: spika mbili kubwa, mashine ya sauti na maiki. Tangu Baba atutoke, viko stoo vimefunikwa shuka, na mteja akitaka sauti tunamwelekeza kwingine. Mimi ndiye niliyekuwa nafuatana na Baba kwenye kazi za sauti. Kila Jumamosi na kila likizo nilikunja nyaya, nikachomeka plagi, nikakaa nyuma ya mashine ambako hakuna anayekutazama. Aliniita Betri. Alisema betri haina kelele, lakini itoe uone kama redio itasema kitu.

Mafundi sauti wengine wakijaribu maiki wanasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Baba hakuwahi. Alikuwa ananiambia, "Betri, maiki si mwalimu wa hesabu. Iambie unachokiona." Halafu anaanza kuiambia. "Naona bwana mwenye shati la bluu, kifungo cha juu amekiingiza tundu la chini. Naona kuku watatu, hawajui leo ni siku gani, tusiwaambie. Naona watoto chini ya meza ya keki, naona miguu sita." Watu walikuwa wanakuja mapema kwenye shughuli za wengine ili tu wasimkose. Hakuwa anamsema mtu vibaya. Alikuwa anawaonyesha watu kwamba wameonekana.

Mama hataki kusikia sauti ya mtu mwingine ikitoka humo. Namwelewa. Nami sijui kama naweza.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Siku ya mwisho kila mmoja alitakiwa kusimama mbele ya darasa na kuzungumza dakika tatu kwa lugha ya darasani. Nilisimama. Nilifungua mdomo. Mwalimu akasubiri, darasa likasubiri, hata feni nadhani ilisubiri. Mwishowe Mwalimu akasema kwa upole niketi, tutajaribu muhula ujao.

Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Lakini ulisimama vizuri sana."

Na harusini nitasimama vizuri sana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nisipoandika sasa nitaanza kujidanganya.

Mama na Dada walikwenda kwa fundi cherehani tangu asubuhi. Mimi nilibaki. Baba Mdogo akaja na pikapu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuja kabla ya saa aliyosema. Nilitakiwa kushtuka palepale. Tulikuwa tunapeleka viti na maturubai kwa mama mwenye duka la vitambaa, ambaye kijana wake amemaliza chuo. Viti vilipokwisha kupakiwa, Baba Mdogo akaingia stoo tena, akafunua lile shuka.

"Aliyeahidi kuwaletea sauti amewatupa," akasema. "Nimewaambia wasihofu."

Nikatikisa kichwa.

"Betri, mama yako hatajua. Saa mbili tu, tunarudisha, tunafunika. Na zaidi yako nani anazijua hizo nyaya? Mimi? Mimi nitaunguza nyumba ya watu."

Hilo lilikuwa kweli. Na kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme humu: nilizitamani. Nilipoushika ule waya mweusi mrefu, nikanusa mpira wake, mikono iliukunja yenyewe, mkunjo juu, mkunjo chini, kama alivyonifundisha Baba. Nikapanda pikapu.

Tulifunga turubai, nikaunganisha kila kitu. Taa nyekundu ya mashine ikawaka, na mimi nikataka kulia na kucheka pamoja. Baba Mdogo akachukua maiki, akaenda kusimama mbele ya spika kabisa, uso kwa uso, kama anayeitukana. Nilijua kitakachotokea. Maiki haielekezwi kwenye spika. Niliinua mkono kumwambia, sauti ikagoma. Spika zikapiga yowe ambalo mbwa wa mtaa mzima walilijibu. Bibi mmoja akatupa sahani. Watoto wakashangilia na kuomba tena.

Nikamkimbilia nikamvuta shati, yowe likakatika. Hapo ndipo Baba Mdogo, kwa nia njema, maana yeye mabaya yake yote huyafanya kwa nia njema, akasema kwenye maiki: "Mabibi na mabwana! Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu! Atawaambia neno kama baba yake!" Akanisukumia maiki mkononi.

Wote wakageuka. Wengi walimjua Baba, niliona kwa jinsi walivyotabasamu na kuweka vikombe chini. Nikaipeleka maiki mdomoni, na kilichotoka ni pumzi. Spika za Baba ni nzuri mno. Zinatoa kila kitu. Watu wote walinisikia nikipumua.

Kutoka nyuma mama mwenye duka la vitambaa akasema, "Jamani, mtoto anapuliza moto!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua, lakini wakati ule sikujua. Ndipo mvua ikaja, yote kwa mara moja. Turubai letu la kona lilikuwa limelegea kwa sababu aliyelifunga ni Baba Mdogo. Likajaa maji, likashuka kama tumbo la ng'ombe, kisha likamwaga mzigo wake wote juu ya spika ya kushoto. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Tuliporudi Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama pikapu. Alitazama spika inayochuruzika. Baba Mdogo akasema, "Shemeji, nikueleze," Mama akainua mkono tu. Hakumgombeza. Hakunigombeza. Aliingia ndani, na ningeona heri kama angenichapa.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi niliitwa. "Betri. Lete bisibisi."

Ni Baba peke yake aliyekuwa ananiita Betri bila kunitania. Leo Mama.

Spika ilikuwa katikati ya sebule juu ya gazeti, viti vimesukumwa kando. Tukaanza kufungua skrubu, yeye upande wake, mimi upande wangu. Tulipotoa ubao wa nyuma yakatoka maji, yakatoka mavumbi yaliyokuwa tope, na mwishowe akatoka mjusi, mzima, akatutazama kama wapangaji wenzake waliomsumbua, akakimbilia chini ya kabati. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na mimi nikaona kwamba sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Alipomaliza kufuta macho akasema, "Nilikuwa nimeziacha zioze, kumbe zina mtu."

"Nisamehe Mama."

"Umeshasamehewa. Baba yako mdogo bado." Akachukua taulo akaanza kukausha ndani, taratibu, kama anafuta sikio la mtoto. "Nyinyi mnadhani sitaki kusikia sauti ya mwingine humu ndani."

"Ndivyo tunavyodhani."

"Sauti haina neno. Kuitwa ndiko ninakokosa."

Sikuelewa. Akaniuliza, "Baba yako akimaliza kujaribu maiki alikuwa anasema nini mwishoni?"

Nalikumbuka vizuri, nimelisikia mara nyingi mno. Baada ya kuwataja watu na kuku na miguu ya watoto, alikuwa anasema, "Na mmoja bado simwoni." Halafu ananyamaza kidogo, kichwa amekiinamisha pembeni. Kisha anasema, "Haya, tumemaliza," ananikabidhi maiki.

"Hapo kwenye kunyamaza," Mama akasema, "ulikuwa unadhani anafanya nini?"

"Anasikiliza kama sauti imekaa sawa."

"Mwanangu." Akaliweka taulo chini. "Mimi nilikuwa jikoni kwa watu, kwenye kila shughuli, naosha vyombo, nasaidia kupika. Nikisikia 'mmoja bado simwoni,' natoka mlangoni, nainua mkono, hata kama una sabuni. Akiniona anamaliza. Siku moja nilichelewa kwa sababu ya sufuria inayoungua, akanyamaza mpaka watu wakadhani umeme umekatika."

Nilikuwa nyuma ya mashine miaka yote hiyo, macho kwenye ile taa nyekundu. Nilidhani Baba anasikiliza sauti, kumbe anaangalia mlango.

"Sasa nakwenda kwenye jiko la watu," Mama akasema, "naosha, napika, narudi. Hakuna anayenitafuta nitoke. Ndiyo maana sizitaki. Ni ujinga, eti?"

Nilitikisa kichwa. Nikamshika mkono, ulikuwa umelowa, tukakaa hivyo. Kutoka chini ya kabati mjusi akatoa kichwa kuona kama tumeondoka.

Baadaye akasema, "Zitakwenda harusini. Zikikauka."

"Nani atajaribu maiki?"

"Yeyote atakayeweza. Isipokuwa baba yako mdogo."

Jumatano, 16 Aprili

Baba Mdogo amekuja kuomba msamaha na mkungu wa ndizi mkubwa kuliko kosa. Amesamehewa. Ndizi tunakula asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi, 26 Aprili

Spika ya kushoto imekauka lakini inakwaruza. Fundi Saa amekuja na bisibisi zake ndogo kama sindano na kile kioo anachokibana jichoni. Aliikagua akasema waya mmoja mwembamba umeachia, akauchomelea. Mimi nilishika tochi.

Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Nasikia utasema maneno siku hiyo."

"Ndiyo."

"Umeyapata?"

"Bado, shemeji."

"Mimi natakiwa kusema 'ndiyo' tu, na bado nafanya mazoezi."

Nikacheka kwa sauti. Akaendelea kuchomelea. Kisha akanisimulia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na umri kama wangu, na kwamba kwa muda mrefu alikuwa akimtaja anashusha sauti, kama mtu aliye wodini. "Siku moja mteja kaniletea saa ya ukutani, nikamsimulia jinsi mama alivyokuwa anaisogeza mbele saa yetu ili tusichelewe shule, na sisi tukijua anaisogeza, tunachelewa vilevile. Nikajikuta nacheka, na yule mteja anacheka. Tangu hapo naongea naye vizuri tu."

"Na nani? Mteja?"

"Mama."

Ndiyo maana anafika mapema kila mahali. Sikusema hivyo. Lakini nilimuuliza maswali mengine mawili, kwa sauti ya kawaida, na alipoondoka Dada akasema, "Wewe! Umeongea na mwanaume wangu kuliko nilivyoongea naye wiki hii!" Akapiga makofi.

Jumanne, 6 Mei

Shule imefunguliwa. Mvua imekuja kidogo, ikaona aibu, ikaondoka. Mama ameanika maturubai na kuyatazama kama anayeyaonya.

Ijumaa, 16 Mei

Kesho.

Hotuba nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliianza kwa lugha ya darasani halafu nikaigeuza. Ilisomeka kama taarifa ya mkuu wa shule. Ya pili ilikuwa na "marehemu" mistari yote. Ya tatu ni nzuri, lakini nikiisoma mbele ya kioo, hata kioo nakionea haya.

Leo tumefunga tepe kwenye viti. Dada amechagua zambarau. Baba Mdogo akashtuka. "Hiyo si ndiyo rangi ya..." akaishia hapo. Dada akamwambia, "Ndiyo hiyo. Rangi haikutukosea kitu." Mama alikwenda chumbani akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na tepe zilezile za mwaka jana, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Alikuwa amewalipa wenyewe akazihifadhi. Zimetosha safu ya mbele.

Jumapili, 18 Mei

Dada ameolewa!

Nitaandika ya jana asubuhi kwanza, maana ndiyo yangu.

Harusi ilikuwa kwenye uwanja ulio kando ya nyumba yetu. Palikuwa na wingu, lakini lile la kivivu, lisilo na mpango. Bwana harusi alifika kabla ya viti, akawa anasaidia kuvipanga akiwa na suti, mpaka Mama akamwamuru akae safu ya mbele asijichafue. Akakaa, peke yake, kwenye uwanja mtupu, mikono magotini. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa na zamu ya kuleta keki, kwa hiyo hakuwepo.

Niliunganisha nyaya. Spika ya kulia, ya kushoto, mashine, maiki. Taa nyekundu ikawaka. Wapishi walikuwa nyuma ya nyumba, majirani wanaanza kuingia mmoja mmoja, na sauti inatakiwa kujaribiwa. Nilitazama huku na huku nimpe mtu. Hakuna mtu. Nikakaa chini nyuma ya mashine, nikaibonyeza maiki, na kilichotoka ni nini? Pumzi.

Na kumbe mama mwenye duka la vitambaa ameshaingia, na kofia yake kubwa. "Haa! Mpuliza moto wetu huyo!"

Watu wakacheka, nami nikaona ile kofia. Ina ndege juu. Ndege wa bandia, jicho moja limedondoka. Nikasema, kabla sijajizuia:

"Naona kofia yenye ndege. Ndege anakonyeza."

Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili, ikavuka uwanja, ikagonga ukuta wa jirani, ikarudi. Haikuwa sauti ya Baba. Ilikuwa nyembamba, na ilikuwa safi, haikwaruzi popote. Watu waliokuwa wanatembea wakasimama.

"Naona bwana harusi amekaa peke yake safu ya mbele. Yuko hapo tangu jogoo hajapiga mswaki." Kicheko kikubwa. Fundi Saa akainuka akainama kama mfalme. "Naona jirani amechukua viti vitatu, viwili ni vya mkoba. Simtaji. Naona tepe za zambarau. Naona Baba Mdogo... hapana, simwoni. Naona vumbi lake." Na kweli pikapu ilikuwa inakata kona, na keki ilifika imeinama kidogo tu. "Naona dirisha la juu. Bibi harusi anadhani hatumwoni. Ana rola kichwani."

"Betri, nakuua!" Dada akapiga kelele kutoka dirishani, anacheka, rola moja ikaanguka ikadundadunda mpaka uani. "Endelea!"

Nilikuwa nalia. Sijui nilianza lini. Lakini nyuma ya mashine hakuna anayekutazama, na spika hazionyeshi machozi. Nikavuta pumzi kwa ajili ya sentensi ya mwisho.

"Na mmoja..."

Nikakwama. Maana niliiona sasa sentensi yenyewe, nikaona kwamba mwaka huu nikiisema hata nikitazama mlango wa jikoni, kuna mwingine nitakuwa namtafuta, na yeye hatatoka mlango wowote. Uwanja ukanyamaza. Watu wazima waliomjua Baba walijua kinachofuata. Niliwaona wakiinamisha vichwa, bibi mmoja akajifunika mdomo.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo. Mama akatoka mbio, aproni imelowa, mwiko mkononi, mkono ameuinua juu kabisa na sabuni inachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Niko hapa!" akapaza sauti, bila maiki, na alisikika kuliko sisi. "Nipo! Umeniona?"

"Nimekuona, Mama."

"Basi maliza, wali unaungua!"

Uwanja mzima ulilipuka. Vigelegele, makofi, watu wanakumbatiana wakiwa hata hawajasalimiana. Mama alibaki amesimama palepale, mkono juu, anacheka na kulia, na hakuukimbilia wali wake.

"Haya," nikasema, "tumemaliza."

Mchana, mshereheshaji aliniita kwa ajili ya hotuba. Niliinuka na karatasi yangu ya tatu. Watu wote walinigeukia, nami nikafungua mdomo, vilevile kama darasani. Sijapona haya, nisije nikajidanganya humu. Dada akaniona. Akainuka na gauni lake lote, akachukua maiki.

"Wa familia yetu amesema asubuhi," akasema. "Mimi nilisikia yote, hadi rola zangu. Na Baba angekuwepo angesema hayohayo. Mwacheni mdogo wangu ale." Halafu, kwa sauti ya chekechea, "Nani ameongea vizuuuri leo?"

Watu mia kadhaa wakanipigia makofi. Nikakaa, nikala sahani mbili.

Fundi Saa alisema "ndiyo" yake kabla ya kuulizwa.

Jumatano, 21 Mei

Mvua zimekwisha. Nyumba ni kubwa bila Dada, ingawa alikuja jana kuchukua mito yake na leo amekuja kuirudisha.

Jioni tumeosha viti na kuvipanga uani. Mama amekaa kwenye kila kimoja, mimi nikimfuata nyuma, kulia kidogo, kushoto kidogo, tunahamia. Katikati ya safu simu ikaita. Alikuwa mama mwenye duka la vitambaa. Binti yake ana shughuli Jumamosi. Viti, maturubai mawili, na sauti.

"Na yule anayeona," nilimsikia akisema. "Yupo?"

Mama hakuniuliza. "Yupo," akasema, "na mimi nitakuwa jikoni." Akakata simu, akahamia kiti kinachofuata. Nami nikahamia.

"Utasema nini huko?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Sijaona bado."